Tulivyokunywa Mvinyo wa Donata Kule Al Rigga

Wenzangu niliofundisha nao, tangu nirudi simu yangu haijapumzika. Mmoja anaamini nilikwenda Italia. Mwingine kasikia nilikamatwa uwanja wa ndege kwa sababu ya pombe. Mwalimu Foibe wa Kongwa ameambiwa nimefungua baa. Hakuna lililo kweli hata moja. Nilikwenda Dubai kwa mwanangu Neema, nikanywa mvinyo wa Kiitalia, nikarudi. Ila njiani yalitokea mambo, na kwa kuwa siwezi kumsimulia kila mtu kwa simu, nimeamua kuandika mara moja, msome wote.

Mnajua kwamba baada ya kustaafu nilirudi Hombolo kwenye shamba la zabibu aliloacha marehemu baba yake Neema. Tuko kikundi cha kina mama, na mwenyekiti wetu ni Mama Yohana. Miaka yote tulikuwa tukiwauzia madalali, ambao huja na lori na kutuharakisha tuchume kabla zabibu hazijaiva sawasawa. Mwaka juzi tukaamua kubakiza kidogo tukamue wenyewe, tutengeneze mvinyo. Neema ni mhudumu katika mgahawa wa Kiitalia ndani ya hoteli moja mtaa wa Al Rigga, na yeye ndiye aliyetuambia tusitie sukari. Tukamsikiliza. Tulipoupeleka mjini, watu walionja wakakunja uso. Mwenye duka mmoja alitema mbele yetu akasema umeharibika.

Basi kikundi kikagawanyika. Mama Yohana akasema kama mvinyo hauna mnywaji, mavuno ya Machi yote yaende kwa dalali, na mapipa tuyauze. Lakini kwanza akataka apatikane mtu anayejua, aonje, aseme. Neema alikuwa ametuambia kwamba Donata, mama wa Kiitalia ambaye familia yake hutengeneza mvinyo unaomiminwa kila siku pale mgahawani kwao, angekuja Dubai kwenye maonyesho ya vyakula, na Alhamisi angekula hapo mchana kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo nikapewa chupa mbili, nikazifunga kwa kitenge cha Mama Yohana, nikaondoka.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Kabla ya Gairo tulikuta lori la alizeti limelala katikati ya barabara. Dereva wetu akazima injini, abiria tukashuka. Akina mama wa pale wakatokea na viazi vitamu vya kuchemsha na mahindi ya kuchoma, kana kwamba walikuwa wametuandalia. Nilikula kiazi nikiwa nimesimama, mkono mmoja umeshika mlango wa buti la basi, maana nilihofia mtu asije akavuta mzigo wake akaangusha wangu. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, una mtoto humo ndani?" Nikamwambia ni karibu sawa na mtoto. Tulifika Dar wakati wa chakula cha usiku, na nilikwenda moja kwa moja uwanja wa ndege.

Nairobi, kwenye viti vya kusubiria

Ndege ya Dubai ilichelewa. Kwanza wakasema kidogo tu, halafu wakanyamaza kabisa, na tulipoanza kuulizana ndipo nikafahamiana na Bi Zuhura. Ni mama wa Mombasa, mnene, mcheshi, amevaa buibui, na kila mwaka huenda Bur Dubai kununua vitambaa. Alifungua kopo la mahamri akaniwekea mapajani bila kuniuliza.

"Kula, mwenzangu. Wenda kwa nani huko?"

"Kwa binti yangu. Anafanya kazi hotelini."

"Mashallah. Na umemchukulia nini?"

Nikasema nimembebea zabibu. Akauliza za kula au vipi. Nikamwambia za kunywa.

"Sharubati," akasema, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikajibu, "Ni kama sharubati." Sikuona ajabu kujibu hivyo. Tulikuwa na mahamri, ndege haipo, na sikutaka kumharibia mama wa watu kifungua kinywa. Yeye alikuwa amembebea mpwa wake Salim achari ya embe, mabuyu na papa mkavu. Akacheka akasema mzigo wake ameufunga kwenye shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa mistari. Nikamwambia na wangu pia. Tukacheka sote. Tungejua, tungelia.

Al Rigga, na harufu ya papa

Neema alinipokea Dubai kwa machozi, kwa kuwa hatukuwa tumeonana tangu aondoke. Anaishi Deira, hatua chache kutoka hotelini kwao, chumba kimoja na wasichana wengine, vitanda vya ghorofa na mapazia. Alikuwa amenipa kitanda chake cha chini na kukitandika shuka jipya. Tukakaa pale juu yake, nikamwambia, "Fungua sasa, uone kazi ya mama zako."

Akafungua zipu. Harufu ya papa ikajaa chumba kizima. Msichana wa Kikenya aliyekuwa kitanda cha juu, Akinyi, akatoa kichwa nje ya pazia akauliza, "Mathe, hiyo ni nini umetuletea?"

Nilitoa makopo ya achari, moja, la pili, nikatoa mfuko wa mabuyu, nikafika chini kabisa. Hakuna chupa. Uwanja wa ndege nilikuwa nimechukua mfuko wa Bi Zuhura, naye kachukua wangu. Nilikaa sakafuni. Sikulia, lakini nilimwona Mama Yohana akiniangalia kama vile yupo mle chumbani.

Kwenye mfuko palikuwa pameandikwa jina la Salim na namba yake kwa kalamu nene. Neema akapiga. Salim akapokea kwa upole, akasema shangazi yake amechukuliwa na jamaa zao wa Kizanzibari kwenda kupumzika Hatta, huko milimani, na simu yake huko haishiki. Mzigo ameuacha chumbani na mlango umefungwa kwa funguo.

"Atarudi lini?" Neema akamuuliza.

"Kesho kutwa, inshallah."

Kesho kutwa ilikuwa Alhamisi.

Glasi ya kwanza

Siku iliyofuata nilikuwa sili wala sisemi. Neema akaniangalia akasema, "Khalas, basi, mama. Utakufa kwa mawazo. Leo sina zamu, twende kwetu ukale."

Hoteli yenyewe si kubwa. Mgahawa uko ghorofa ya kwanza, meza zina vitambaa vyeupe, na wapishi wanaonekana wakifanya kazi. Neema alinikalisha karibu na dirisha na kuniagizia tambi pana zenye nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu mpaka ikachambuka, na nyanya. Kisha akaomba glasi mbili za mvinyo wa Donata.

Kwa kweli nilijiandaa. Nilidhani nitaonja kitu ambacho sisi hatutakifikia kamwe, kitu cha wafalme. Nikainua glasi. Rangi yake ni nyekundu iliyoiva, yenye zambarau pembeni, kama maji ya kwanza ya rosela. Nikanywa.

Ulikuwa mkavu. Hauna sukari kabisa. Kulikuwa na tunda humo, kama zambarau mbivu, na uchachu kidogo wa ukwaju, na mwishoni ulimi ukakazwa kama unapotafuna ganda la zabibu. Nikamtazama Neema. Nikanywa tena.

"Neema, ni huu?"

"Ndiyo huu, mama. Kila siku tunamimina huu. Wageni wanaunywa na chakula, hawana habari."

"Ni mkavu kama wetu."

"Nilikuwa nawaambia nini?"

Nikala tambi. Ile nyama ilikuwa na mafuta mengi, na nilipokunywa tena baada yake, mvinyo uliosha mdomo wote, ukaacha utamu wa nyama tu, nikatamani tonge jingine. Tonge likanifanya nitamani mvinyo, na mvinyo ukanifanya nitamani tonge. Hapo ndipo nikaelewa kosa letu. Tuliwapa watu mvinyo mkavu dukani, wamesimama juani, tumbo tupu, tukawaambia onjeni. Nani angeupenda? Hata mlenda ukimpa mtu bila ugali atakutazama vibaya.

Wenzangu, nilifurahi siku hiyo kama sijafurahi muda mrefu. Nilimaliza sahani, nikafuta mchuzi kwa mkate, nikamaliza glasi. Nikamsimulia Neema mambo ya baba yake ambayo sikuwahi kumsimulia, jinsi alivyonichumbia kwa kikapu cha zabibu ambazo, baadaye nikagundua, alikuwa ameziiba kwa mjomba wake. Neema alicheka mpaka mhudumu mwenzake akaja kutazama. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikitafuta mtu wa kuniambia kama mvinyo wetu ni mzuri. Sasa nilikuwa na hakika tayari. Kilichobaki ni chupa zenyewe, na zilikuwa zimefungiwa kwa Salim, Bur Dubai, upande wa pili wa maji.

Kuvuka kwenda Bur Dubai

Alhamisi asubuhi Salim akapiga simu. Shangazi amerudi. Neema alikuwa ameanza zamu, kwa hiyo nikabeba shangazi kaja la Bi Zuhura peke yangu mpaka kando ya Khor, ule mkono wa bahari unaougawa mji, nikapanda abra, ile mashua ndogo ya injini inayovusha watu. Tulikaa tumepeana migongo. Mwanamume aliyekuwa pembeni yangu alinusa, akautazama mfuko, akasogea. Papa alikuwa amefanya kazi yake.

Bi Zuhura alinifungulia mlango mwenyewe. Alinikumbatia, kisha akarudi nyuma hatua moja na kunitazama kwa macho makali.

"Sharubati," akasema.

Nikaomba radhi. Nikamweleza yote tangu mwanzo, kikundi, mashamba, dalali, mvinyo uliotemwa, na Donata anayeondoka jioni ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi kinywaji chenu sikitaki, na wajua," akasema. "Nilipofungua mfuko nikaona, niliketi nikamuomba Mola wangu anionyeshe la kufanya. Moja ilikuwa imeshavunjika ndani ya ndege. Ilivuja, chumba kizima kikanuka. Salim alipoingia alinusa, akanitazama mimi shangazi yake. Alinitazama hasa."

Hapo alianza kucheka, na mimi nikajiruhusu kucheka.

"Na ya pili?" nikauliza kwa hofu. "Uliiweka nje?"

"Nje? Jua la hapa lingeichemsha. Mimi ni mfanyabiashara, mwenzangu. Mali ya mtu ni amana, hata ikiwa ni mali nisiyoigusa. Nimeisimamisha bafuni chini ya beseni, penye baridi, nikafunga mlango, nikenda zangu Hatta."

Kisha akanitolea kitenge cha Mama Yohana, kimekunjwa vizuri, kimepigwa pasi. "Nimekifua mara mbili. Doa halikutoka lote. Mwambie mwenyewe anisamehe."

Fikirini, yule mama ambaye hagusi pombe alikuwa amefua mvinyo wangu kwa mikono yake. Nilitaka kumpa kitu, sikuwa na kitu. Yeye ndiye aliyenijazia tena mabuyu mkononi, akaniita mwenziwe, akanihimiza, "Yalla, nenda, huyo Mzungu asikuponyoke."

Donata

Nilipoingia mgahawani Donata alikuwa amekwisha kula na kahawa ilikuwa mezani. Neema alikuwa amemzuia kwa maneno tu, na meneja wake, baada ya kuombwa, alikubali tuifungue chupa yetu pale.

Donata ni mama wa rika langu, nywele fupi za mvi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono yake. Ina mikwaruzo na kucha zimeingia weusi usiotoka, kama yangu. Nilimshika mkono, akautazama wangu, akaugeuza, akasema neno kwa Kiitalia. Hakuna aliyelitafsiri, na halikuhitaji. Shamba lao wanaliendesha yeye, kaka yake na watoto wa kaka yake, na wala hawauzi mvinyo wa kifahari. Wanauza huu wa mezani tu.

Anazungumza Kiingereza kidogo, Neema akawa anatutafsiria. Nilimsifu mvinyo wake. Akajibu, na Neema akasema, "Anasema mvinyo wake ni rahisi."

Nikajibu kwamba sikuuliza bei. Neema akamwambia. Donata akashangaa, akajieleza tena kwa mikono.

"Hapana, mama, si rahisi wa bei. Ni kama kusema, hauna makuu."

Akafungua wetu. Alinusa muda mrefu, akanywa, akaupitisha mdomoni. Kisha akarudia neno lile lile alilousemea mvinyo wake, na Neema akanitazama kwa wasiwasi.

"Anasema na wenu ni rahisi."

Ilichukua muda nielewe kwamba ilikuwa sifa. Halafu Donata akasogeza kikombe cha kahawa pembeni, akaanza kusema kwa ukweli bila kunipaka mafuta. Zabibu zetu tunachuma mapema, uchachu umezidi. Mapipa hatuyajazi mpaka juu, hewa inaingia, na mwishoni kuna ladha ya tufaa lililokatwa likaachwa. "Subirini," akasema. "Msichume mpaka punje ikitafunwa mbegu zake ziwe kahawia." Nilimwambia dalali hatusubirishi. Akauliza dalali ni nani. Neema alipomwelezea, Donata akacheka kwa uchungu akasema kwao pia babu yake alikuwa akikimbizwa na mtu wa namna hiyo, mpaka siku babu yake alipofunga geti.

Mpishi akatuletea sahani ya jibini na soseji kavu. Tukaendelea kuongea, sasa juu ya kupogoa, tukionyeshana kwa vidole pale tunapokata, na juu ya mbuzi wa mama yake waliowahi kula safu nzima ya mizabibu. Katikati ya habari ya mbuzi, Donata akanyoosha mkono, akachukua chupa yetu, akajimiminia glasi ya pili, akanywa, akaendelea na mbuzi. Hakutazama hata alichofanya. Alikuwa na kiu na chakula kiko mezani, basi.

Neema aliniona nimemwona. Akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nimefundisha miaka mingi na nimepewa vyeti na kanga nyingi siku za kuaga. Hakuna hata kimoja kilichonipa nilichokipata pale. Wataalamu wanaweza kumsifu mtu kwa adabu. Lakini hakuna anayejiongezea glasi kwa adabu. Mpishi naye akaonja, meneja akaonja, na chupa ikaisha tukiwa bado tunaongea. Donata alipoinuka kwenda uwanja wa ndege alinipa chupa moja ya wake, akanibusu mashavu yote mawili, akamwambia Neema aniambie nimsalimie mwenye geti. Alimaanisha Mama Yohana, niliyekuwa nimemsimulia, ingawa Mama Yohana hana geti.

Hombolo

Kurudi hakukuwa na kisa. Chupa ya Donata niliibeba nimeizungushia nguo zote nilizokuwa nazo, na ilifika nzima.

Nilimpa Mama Yohana kitenge chake na kumwonyesha doa. Akasema kitakuwa cha shambani. Jumapili baada ya kanisa tulikusanyika kwangu. Sikumwonjesha mtu kabla ya chakula. Nilipika kuku wa kienyeji wa nazi, ugali wa uwele na mlenda, tukala nusu, ndipo nikamimina mvinyo wa Donata. Ulitosha kidogo kidogo kwa kila mmoja. Wakanywa, wakala. Mama Yohana akainua kikombe chake mbele ya dirisha, akakiangalia kwenye mwanga.

"Kumbe ni huu tu," akasema.

"Ni huu tu."

"Huu tunauweza."

Hakukuwa na kura wala kikao. Wiki iliyofuata dalali akaja na lori lake mpaka mbele ya shamba la Mama Yohana, wapakiaji wamekaa juu ya matenga. Sote tulikuwepo. Akashuka, akachuma punje moja, akala, akasema zimeiva.

Mama Yohana akachuma nyingine, akaitafuna, akatoa mbegu kiganjani akazitazama. Zilikuwa bado za kijani.

"Bado," akasema.

"Mama, mwenzako nimetoka mjini na mafuta ya gari."

"Karibu uji. Lakini zabibu bado."

Alisubiri tucheke, akadhani ni mbinu ya kupandisha bei. Hatukucheka, wala hatukutaja bei. Mwishowe akapanda, akageuza, lori likaondoka na matenga matupu yakigongana mpaka kwenye kona.

Tabu ya kuziacha mtini ni ndege. Wanaamka mapema kuliko sisi na wao hawasubiri mbegu ziwe kahawia. Kwa hiyo tunalinda kwa zamu, kila mmoja na kopo lake na fimbo. Haya nimeyaandika nikiwa zamu, ndiyo maana mwandiko unaruka pale nilipoinuka kupiga kopo. Zabibu zimekuwa nyeusi ti, na leo asubuhi nimetafuna moja, mbegu zake zimeanza kuwa kahawia. Zimebaki siku chache.